Dawa ya magoti iliyofanya kazi haraka mno

Mama alipata nafuu kwa siku tatu. Magoti yaliyomtesa miaka minne, yaliyomfanya ashindwe kukaa tahiyatu na kuanza kusali juu ya kiti, yalinyamaza kabisa. Alinipigia simu kutoka Muheza akicheka, akaniambia ameinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, nikamtumia pesa za mkebe wa pili. Hilo najutia hadi leo, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kahawia kwenye mkebe wa plastiki, umebandikwa karatasi yenye picha ya goti na maneno "mizizi na majani ya asili, haina kemikali". Kijiko asubuhi na kijiko jioni, kwenye uji. Muuzaji alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa kwanza mama alikula kwa hamu ambayo sijaiona tangu nikiwa mdogo. Mwezi wa pili mashavu yalijaa, uso ukawa wa mviringo, majirani wakamwambia amenawiri. Mikono nayo ikaanza kuvilia damu, akigusa tu ukingo wa meza panabaki doa la zambarau. Mwezi wa tatu akawa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda msalani, na kiu haimwishi. Nilipompeleka kupima, sukari ilisoma 17. Mama yangu hajawahi kuwa na kisukari.

Daktari hakuanza na habari za sukari. Alimtazama usoni kwa muda, akamshika mkono akaitazama ngozi, kisha akamuuliza, "Mama, dawa ya miguu unayotumia ni ipi?" Sisi tulikuwa hatujataja miguu. Alisema dalili zote zile ni za mtu anayekula steroidi kila siku bila kujua, na kwamba anawaona wengi wa namna hiyo.

Steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, ni dawa za hospitali. Hutuliza uvimbe upesi sana, ndiyo maana muuzaji asiye na huruma akichanganya vidonge vilivyosagwa kwenye unga wa majani, mteja atamsifu mtaa mzima. Lakini zikiliwa kwa miezi bila usimamizi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya vidonge vya viungo vilivyokuwa vikiuzwa kama vya asili. Vilipopimwa maabara vilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kwenye chupa hazikuandikwa.

Nataka hapa unisikilize vizuri, maana nami nilitaka kukosea mara ya pili. Nilipotoka kwa daktari nilitaka kuutupa ule mkebe jalalani siku ile ile. Akanizuia. Steroidi hufanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea. Mwili ukiletewa ile ya nje kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, zinaacha kutengeneza ya kwake. Ukikata ghafla, mtu anaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, hata akapoteza maisha. Mama aliachishwa taratibu, kwa prednisoloni iliyopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kama unamwona mzazi wako ndani ya maneno haya, usimnyang'anye dawa. Mpeleke hospitali, na mkebe uubebe.

Tangu hapo nina kipimo changu. Kirutubisho cha asili cha viungo, kile cha kweli, kinafanya kazi polepole na kwa kiasi. Kinachoondoa maumivu ya miaka minne kwa siku tatu kina kitu ndani yake ambacho hukuambiwa.

Mimi mwenyewe ni fundi cherehani hapa Tanga, miaka 22 nakanyaga pedeli, na goti langu la kulia lilianza kulia nikiwa na miaka 46. Kulia hasa, lile sauti la mchanga ukisagwa unapopanda ngazi. Kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu manjano, mafuta ya samaki na mengineyo nimeyapitia mwilini mwangu, na mengi nimeyalipia.

Kabla ya kununua chochote, jua unaumwa nini. Huku kwetu kila kiungo kikiuma tunasema baridi yabisi, tunagawana dawa kama tunavyogawana chumvi. Kumbe ni maradhi tofauti. La kwangu na la mama ni la gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, kulika, lile wengi wanaita magoti kusagika. Huuma unapotumia kiungo, na asubuhi kukakamaa kwa kiungo huachia ndani ya nusu saa. Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kuushambulia mwili: vidole na viganja vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi mtu hukakamaa saa nzima au zaidi. Jongo, ambalo wengi siku hizi wanaliita gauti, ni asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, huja usiku kama moto.

Nasisitiza kwa sababu ya jirani yangu, binti wa miaka 34. Vidole vilimvimba, hawezi kufunga vifungo vya blauzi mpaka saa nne asubuhi. Alikunywa manjano na tangawizi mwaka mzima kwa uaminifu mkubwa. Alipofika kwa daktari bingwa na kuanzishiwa metotreksati, dawa ya hospitali ya baridi yabisi, vidole viwili vilikuwa vimeshapinda, na havijanyooka. Baridi yabisi hutaka dawa mapema, na mwaka ule hakuna wa kumrudishia.

Haya, manjano. Dawa iliyomo inaitwa kurkumini, na kuna tafiti za kutosha zinazoonyesha inapunguza maumivu ya goti lililolika. Tatizo ni kipimo. Katika unga wa manjano, kurkumini ni takribani asilimia 3 tu. Tafiti nyingi zilitumia miligramu 500 hadi 1,000 za kurkumini kwa siku, na kijiko kidogo cha unga kina kama 90. Tena tumbo huipokea kwa shida. Pilipili manga husaidia: utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kiini chake, piperini, kiliongeza kurkumini kwenye damu mara 20. Kwa hiyo ile desturi ya kutia pilipili manga na mafuta kwenye mchuzi wa manjano ina maana yake, na sisi wenye pilipili manga ya Amani, kule milima ya Muheza, tuna bahati. Mchuzi wako utie manjano, ni chakula kizuri. Ila usiutegemee utulize goti peke yake.

Vidonge vya kurkumini nilivitumia miezi miwili na kweli viliniondolea kitu, ngazi zikawa nafuu. Niliviacha nilipojua kwamba vile vyenye nguvu, hasa vilivyoongezwa piperini, vimewahi kuwadhuru baadhi ya watu ini. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo juu ya hilo. Macho au mkojo ukigeuka rangi, acha mara moja uende hospitali. Mwenye vijiwe vya nyongo, au anayetumia dawa ya kuyeyusha damu kama wafarini, asianze bila kumwambia daktari wake.

Glukosamini na kondroitini, vidonge vya kirutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, ndizo zilizonila pesa, shilingi 65,000 kwa mwezi, miezi mitatu. Glukosamini hutengenezwa kutoka magamba ya kamba na kaa, na kipimo cha kawaida ni miligramu 1,500 kwa siku. Mwaka 2006 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti mkubwa wa watu 1,583 wenye magoti mabovu, waliofuatiliwa wiki 24. Waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, 60 katika kila 100 walipata nafuu. Waliopewa glukosamini na kondroitini kwa pamoja, 67. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata inaweza kuwa bahati tu, ingawa kikundi kidogo cha wenye maumivu makali kilionekana kufaidika zaidi. Mimi sikuona mabadiliko yoyote. Kama unazo pesa na unataka kujaribu, jipe miezi mitatu, andika maumivu yako kwenye daftari kila wiki, na usipoona kitu acha bila majuto. Asiyepatana na kamba au kaa asiziguse, na anayetumia wafarini vilevile.

Mafuta ya samaki yana faida iliyo wazi zaidi, lakini ni kwa baridi yabisi kuliko kwa magoti yaliyolika. Nayo inategemea kusoma maandishi ya nyuma ya chupa. Mbele wameandika miligramu 1,000, geuza chupa: omega-3 zenyewe, EPA na DHA, mara nyingi ni 180 na 120, jumla 300. Tafiti za baridi yabisi zilitumia kama gramu 3 kwa siku, ambazo ni vidonge 10 vya namna hiyo, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu. Ni hesabu ya kuifanya na daktari. Yule jirani anatumia pamoja na dawa zake za hospitali, hakuacha hata kimoja. Kwa sisi wengine, vibua na dagaa mara mbili tatu kwa wiki vinatosha na ni rahisi. Isipokuwa mwenye jongo. Huyo dagaa humwamshia maumivu, pamoja na maini, figo na bia.

Ubani umenishangaza, maana mimi niliujua wa kwenye chetezo tu. Utomvu wa jamii yake ya India hutolewa kiini kinachowekwa kwenye vidonge, na tafiti chache ndogo za magoti zimeonyesha nafuu. Usije ukameza ule wa kufukiza.

Tangawizi kwenye chai inatuliza kidogo, naipenda na nakunywa. Bamia sasa. Wengi wanalaza bamia kwenye glasi ya maji, asubuhi wanakunywa ule utelezi wakiamini utaongeza ute wa goti. Supu ya makongoro nayo hivyohivyo. Nimekunywa vyote viwili. Ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe, na unachokula humeng'enywa kwanza tumboni, hakiteremki mguuni kilivyo. Bamia ni mboga nzuri, makongoro ni chakula kitamu, ule kama chakula, si kama dawa.

Ya kupaka ndiyo ningemshauri mama aanze nayo tangu mwanzo. Krimu yenye kiini cha pilipili, kapsaisini, hupunguza maumivu ya goti ukiipaka kila siku kwa wiki kadhaa. Huwasha siku za mwanzo, na lazima unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Inunue duka la dawa. Pilipili kichaa ya kusaga nyumbani kwenye mafuta ya nazi nimeijaribu, nikapata malengelenge. Jeli ya diklofenaki si ya asili, lakini ya kupaka haipiti tumboni na figoni kwa wingi kama vidonge vyake, na kwa wazee hilo ni jambo kubwa.

Kilichonisaidia mimi kuliko vyote hakiuzwi. Kila kilo moja unayopunguza mwilini hupunguza kama kilo nne za uzito unaoangukia goti katika kila hatua. Nilipunguza kilo sita kwa mwaka, nikaacha vitumbua vya asubuhi na soda ya mchana kazini. Sita mara nne ni 24, karibu nusu mfuko wa saruji ulioshuka gotini kwangu, hatua kwa hatua. Pamoja na hilo nafanya zoezi nililofundishwa na mtaalamu wa viungo: unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa na kiti, unauzuia hapo ukihesabu tano, unashusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu hulibebea goti mzigo. Wiki mbili za mwanzo niliona napoteza muda. Wiki ya sita nilipanda ngazi za sokoni na kikapu mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba sikusimama katikati.

Mama sasa sukari imeshuka, bado tunaipima kila mwezi. Uso umerudi wake. Magoti yanauma, siwezi kusema uongo, na bado anasali kwenye kiti. Seremala wa pale Muheza alimwongezea miguu ya mbuzi ya nazi ikawa na kimo cha kiti cha kawaida, akikuna haikunji miguu sana. Jumapili iliyopita alinipigia, goti la kushoto lilikuwa limemsumbua usiku kucha. Nikamuuliza kama amepaka krimu. Akasema amepaka, na miguu ameshainyanyua mara zake kumi, tena ya kushoto ameiongezea mbili.