Mikanda ya usalama ya gari ya zamani: badilisha utepe, halafu kagua pale unapofungwa

Nikipaki Datsun 240Z yangu maeneo ya sokoni hapa Tabora watu wanakuja wanauliza injini, wanauliza rimu, wanauliza rangi ni ya kiwandani au nimepiga upya, wazee wanakumbushia jinsi hizi gari zilivyobeba Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann halafu 1973 na Shekhar Mehta, lakini sijawahi kuulizwa mikanda ya siti. Na mimi kama kuna kitu kimoja nataka kila anayefufua gari ya zamani akijue ni mikanda, kwa sababu hizi gari zinakimbia vizuri tu mpaka leo, hazina eabegi, usukani umekukabili kifuani, sasa ukitoa mkanda hapo umebaki na nini?

Kwanza tukubaliane kwamba mkanda wa miaka hamsini hauaminiki hata kama unaonekana mzima. Utepe wake ni nyuzi za polista au nailoni, na jua linazila taratibu mwaka hadi mwaka, na jua la huku kwetu kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zianze mnalijua wenyewe. Vuta mkanda wote mpaka mwisho halafu linganisha kile kipande kilichokuwa kinakaa nje na kile kilichokuwa kimejificha ndani ya kiboksi kinachoukunja. Ukikuta cha nje kimepauka, kimekakamaa kama kamba ya manila iliyosahaulika juani, au pembeni kina manyoya manyoya, huo mkanda umeisha. Angalia na mishono kwenye ncha, uzi mmoja tu ukiwa umekatika usiubembeleze. Na kama gari ishawahi kupata ajali kubwa mtu akiwa amefunga, mkanda huo umeshafanya kazi yake, umetengenezwa unyooke kidogo ili kupunguza ule mshtuko, na ukishanyooka hauna akiba tena.

Sasa hapa ndipo watu wanapotaka njia ya mkato. Nimeshaona mikanda imepelekwa kwa mafundi wa maturubai, inakatwa pale palipochakaa, inaunganishwa kwa uzi mnene na inarudi inapendeza kabisa kwa macho. Jamani, hapana. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mikanda, ile namba 16, inataka utepe uhimili si chini ya kilonyutoni 14.7 kabla haujakatika, hiyo ni kama kuning'iniza mzigo wa tani moja na nusu, na mshono wa kiwandani una mpangilio wake na uzi wake maalumu ili ubebe hiyo nguvu. Mshono wa turubai haujapimwa na mtu. Siku ya siku utaachia, na wewe ulikuwa unaamini umefunga mkanda.

Njia nyingine ni kung'oa mkanda kwenye gari ya kisasa iliyogongwa, spea za hivyo zipo nyingi na bei yake inavutia. Hata hapo mimi nasema usiguse. Mikanda mingi ya gari za siku hizi ina kibaruti ndani kinachoukaza wakati wa ajali, ukikuta waya zinaingia kwenye kiboksi au kwenye loki ujue ndiyo hiyo, na fundi akianza kuigongagonga au kuchomelea karibu yake inaweza kumlipukia. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, mingi ya hiyo mikanda imetengenezwa iachie kidogo kifua kinapobanwa sana kwa sababu mbele kuna eabegi inasubiri kukupokea. Kwenye 240Z ukiachiwa unapokelewa na usukani.

Kwa hiyo nunua mpya, ile ya pointi tatu, yaani inayoshikwa sehemu tatu, inayojikunja yenyewe, ya kufunga gari za zamani. Mimi niliagiza kupitia Dar ikaja na basi. Ikifika usikimbilie kufunga, tafuta lebo iliyoshonwa kwenye utepe, inatakiwa iwe na herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake, hiyo namba ni ya nchi iliyoupitisha, mfano E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Mkanda usio na lebo yoyote rudisha, hata kama muuzaji anakuapia.

Kuna vijana wanataka ile mikanda ya rally ya pointi nne kwa sababu inapendeza, na kwenye gari yenye historia ya Safari naelewa kabisa hamu hiyo. Ila ile inataka siti yake, inataka nondo za kuimarisha bodi, na inataka mkanda wa kupita katikati ya miguu, bila huo ukikaza ya mabegani inaupandisha ule wa kiunoni unakuja kukaa tumboni badala ya kwenye mfupa wa nyonga, na kwenye ajali unateleza chini yake. Wengine wanaifunga ya mabegani sakafuni nyuma ya siti, hapo mwili ukienda mbele mabega yanavutwa chini na uti wa mgongo ndio unaolipa. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alipoleta mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na Volvo wakaruhusu kila kampuni iutumie, hesabu yake ilikuwa hiyohiyo, nguvu iende kwenye nyonga na kifua, sehemu zenye mifupa, na mtu aweze kuufunga kwa mkono mmoja. Kwa gari ya kwenda nayo Nzega na kurudi huo unatosha.

Haya, tuje kwenye chuma, na hapa ndipo ningeomba msome taratibu. Mkanda mpya ukifungwa kwenye bodi iliyooza ni sawa na hakuna mkanda. Toa kapeti, toa siti, chukua bisibisi uchokonoe kuzunguka kila nati ilipochomelewa, sakafuni na pembeni, maana 240Z inajulikana kwa kutu sehemu hizo. Ya kwangu upande wa abiria juu palikuwa pamepigwa puti na rangi safi, bisibisi ikazama. Tulikata mpaka tukafika kwenye bati zima, tukachomelea bati jipya, na chini tukaongeza sahani ya milimita 3. Ukilazimika kutoboa tundu jipya usifunge kwa washa peke yake, gari za mashindano chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinatakiwa sahani isiyopungua milimita 3 na eneo la sentimita mraba 40, hicho ni kipimo kizuri cha kufuata. Na mikanda yote itoke nje ya gari kabla ya kuchomelea, cheche moja tu inatosha kuyeyusha utepe.

Bolti nazo zina mtego. Bolti za mikanda karibu dunia nzima, na za Datsun zimo, ni za inchi, 7/16 yenye thredi 20 kwa inchi, hata kama gari yote iliyobaki ni ya milimita. Fundi wangu alichukua M10 kwenye kopo lake, ikaingia yenyewe bila spana, akaniambia, "Bosi, tukikaza na washa hii inashika." Nikamwambia fundi wangu hapana, hiyo inacheza, inashika kwa ncha za thredi tu, siku ya ajali inachomoka. Na M12 haiingii, ila nimeona mtu kailazimisha kwa tepu, kile chuma cha kukatia thredi, mpaka kaharibu nati iliyomo ndani ya bodi. Tumia bolti zilizokuja na mkanda. Thredi zikiwa na kutu loweka mafuta ya taa usiku kucha halafu pitisha tepu ya saizi hiyohiyo taratibu. Ukishakaza, kile kibati cha mkanda kiwe bado kinazunguka kwa mkono, kikigoma umekosea mpangilio wa washa.

Kile kiboksi cha kujikunja kina kidude ndani kinachosikia gari ikiinama au ikifunga breki ghafla, kwa hiyo kinafungwa kwa pembe iliyoandikwa kwenye maelekezo yake. Kikilala vibaya mkanda hautoki kabisa, watu wanadhani ni kibovu kumbe kimeinama. Usikifungue, springi yake ikiruka hairudi. Vuta mkanda kwa nguvu ghafla, unatakiwa ukamate, vuta polepole utoke. Baadaye nenda sehemu tupu, mwendo mdogo, funga breki ya ghafla ukiwa umeegemea mkanda uone kama umekamata.

Vumbi letu litaufanya mkanda uwe mzito kurudi. Mara nyingi tatizo ni uchafu kwenye ile pete ya juu ya bega, ifute kwa kitambaa na maji ya sabuni. Utepe vuta wote nje, ubane na kibanio cha nguo usirudi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, anika kivulini mpaka ukauke kabisa ndipo uuachie. Jiki, petroli, tina, rangi ya nguo, oili, vyote hivyo viweke mbali.

Ile mikanda ya zamani sikuitupa, ina nembo zake za asili na atakayeirithi hii gari anaweza kuitaka, nimeikata katikati ili asije mtu akaifunga tena. Bolti mpya nimezipiga alama ya rangi kutoka kichwani mpaka kwenye bati, kila nikirudi kutoka barabara za vumbi za Uyui naangalia kama mstari bado umenyooka, ukiwa umekatika narudi na spana.