Muulize Bibi Fundi: Vidole vinakufa ganzi

SWALI: Shikamoo bibi. Nashona matandiko ya viraka vya vitenge kwa mkono, ndani naweka sponji nyembamba. Nakaa kwenye mkeka, miguu nimenyoosha. Siku hizi shingo inakaza, na usiku naamka dole gumba na vidole viwili vya jirani yake vimekufa ganzi mpaka niukung'ute mkono. Shoga yangu anasema ni kwa sababu nanawa maji ya baridi baada ya kupiga pasi. Nina oda mbili za Idi. Nifanyeje?
Mama Mapacha, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Shoga yako muache na maji yake. Kama kidole kidogo hakifi ganzi, nashuku mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono: unaminywa ukishona saa nyingi kifundo kimekunjwa na sindano umeibana kama mwizi.

Kwanza ondoka kwenye mkeka. Huo ni wa kupangia viraka tu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, kazi iwe juu ya meza ya chakula, na ukiweka mto chini yake ndiyo vizuri zaidi. Kitambaa kifuate macho, siyo shingo ikifuate kitambaa. Tandiko lote lilale mezani, maana likining'inia linavuta mkono kwa kila tundu. Kaa karibu na dirisha. Umeme ukikatika, usishone kwa tochi ya simu. Lala.

Halafu hiyo sindano. Kitenge kipya kigumu, kifue kabla ya kukata. Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki uteleze, na sindano ikishakuwa butu itupe. Wengi wenu mna ubahili wa ajabu na kitu cha bei ndogo hivyo. Vaa subana, kile kikofia kigumu cha kidole, kwenye kidole cha kati usukume sindano nayo. Sindano ikigoma kutoka, ishike kwa kipande cha puto: mpira unanata, huhitaji kuminya. Kila nusu saa weka chini, fungua na kufunga viganja taratibu, zungusha mabega.

Usiku kifundo kikae kimenyooka. Duka la dawa wanauza kishikizo cha kukinyoosha, usikikaze sana.

Ganzi ikiendelea mchana, au ukianza kuangusha vikombe, usipoteze muda na dawa za kuchua. Nenda hospitali ya Temeke, waeleze kazi unayofanya, na uombe wapime na sukari, maana kisukari nacho huleta ganzi. Kama una mimba, sema pia.

Oda za Idi? Mishono mirefu ya kuunga viraka piga cherehani, mkono uuachie mapambo ya katikati. Mteja akilalamika kwamba alitaka yote ya mkono, mtajie bei ya yote ya mkono.