Wakikwambia "kamba fupi", usikimbilie kuirefusha

Huu ni mwaka wa pili natengeneza gemu ya kijana anayevuka mapaa ya Mji Mkongwe kwa kamba yenye kulabu. Anairusha, inanasa kwenye boriti, anapembea juu ya kichochoro, anaachia, anatua upande wa pili. Niliamini mji wetu umeumbwa kwa mchezo huu, maana mapaa yanakaribiana na vichochoro ni vyembamba. Nilipowapa watu wa mwanzo waijaribu, karibu wote walisema neno moja: kamba fupi.

Nikairefusha, kutoka mita 8 hadi 12. Malalamiko yakaongezeka. Sasa wakawa wanagonga kuta, na tena wakasema kijana amekuwa mzito. Nilikuwa nimesahau somo la skuli: pembea ndefu huenda taratibu. Ukiirefusha kamba mara 4, kwenda na kurudi kunachukua muda mara 2.

Kilichonisaidia ni jioni moja barazani, Malindi ya hapa Mji Mkongwe. Nilimpa simu mtoto wa dada yangu nikajilazimisha kunyamaza, nikawa natazama vidole vyake tu. Alirusha kulabu mara tatu. "Mjomba, haifiki." Lakini mimi niliona inafika! Ilikuwa inapita ubavuni mwa boriti, kiasi cha upana wa kiganja. Kwenye programu yangu kulabu ilikuwa inatafuta pa kunasa kwa mstari mwembamba kama uzi, na kidole gumba cha mtu juu ya kioo cha simu hakiwezi kulenga namna hiyo. Yeye aliona kamba imerudi tupu, akahukumu kwamba ni fupi. Mtu yeyote angehukumu hivyo.

Basi nikaunenepesha ule mstari, nikaiacha kulabu ichague boriti iliyo karibu zaidi na upande kidole kinakoelekea, na boriti yenyewe iwake kidogo kabla hujarusha. Gemu ya Sekiro, ya mwaka 2019, nayo humwonyesha mchezaji alama mahali panaponasika. Kamba nikairudisha mita 8. Tangu hapo sijasikia tena kwamba ni fupi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayetengeneza kitu kama hiki: mchezaji akisema panauma, mwamini, panauma kweli. Dawa anayokutajia ndiyo uichunguze. Usimuulize "umeipenda?", kwa sababu watu wetu wana adabu, watakwambia nzuri. Muulize "ulikuwa unataka kwenda wapi?" Kisha andika alichofanya sekunde moja kabla ya kulalamika. Daftari langu la jioni zile lina thamani kwangu kuliko maoni yote niliyotumiwa kwa maandishi.

Lile la uzito lilinichukua wiki mbili. Kwanza nilimpunguzia kijana kilo, na hakuna kilichobadilika, kwa kuwa kwenye pembea uzito hauongezi wala haupunguzi mwendo. Kosa lilikuwa kwenye kuachia: kidole kikinyanyuka, programu ilikuwa inafuta mwendo wote na kumrudishia kijana mwendo wa kutembea. Kila aliyepanda pembea za Mnazi Mmoja siku ya Idi anajua mwilini mwake kwamba chini ndiko kasi iliko, na ukiachia utarushwa. Nikamwachia kasi yake. Nikamwongezea pia fremu (picha moja moja za gemu) 6 za msamaha akishatoka ukingoni mwa paa, yaani bado anaweza kuruka, ambazo kwa fremu 60 kwa sekunde ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna aliyegundua, ila waliacha kusema mzito.

Kuna lawama moja iliyonichoma. Ili kamba ipate nafasi, nilikuwa nimepanua vichochoro, na mzaliwa wa mjini akaniambia, "Kaka, hii si Hurumzi," mtaa wetu wa vichochoro. Alisema kweli. Nikakumbuka gemu ya Bionic Commando ya kampuni ya Capcom, ya 1987, ambayo mhusika wake haruki kabisa, ana mkono wa waya tu. Mimi nilikuwa nimemwachia kijana wangu mruko mkubwa mno, anavuka bila kamba. Nikaurudisha wembamba wa vichochoro, nikaupunguza mruko. Kamba ikapata kazi.

Si kila ombi nimelikubali. Wengi wanataka kulabu inase popote. Minara ya misikiti nimeikataza, na hilo silijadili.

Wiki iliyopita, ndani ya gemu, mpwa wangu alitoka mtaa wa Kiponda hadi Forodhani, ufukweni, bila kugusa chini. Alipofika ukutani akaachia kamba, akachupa baharini kama wanavyochupa vijana pale kila jioni. Bahari yangu ilikuwa picha tu, kijana akapotea ndani yake. Hakusema gemu mbovu. Alisema, "Mjomba, maji yako wapi?" Ndiyo kazi niliyoianza jana.