Maswali ya wasomaji: Vyombo vya bibi vimevunjika, nivifanyeje?

Mwezi huu ni kama mmepatana, barua karibu zote zinahusu sahani zilizovunjika na picha za vigae, kwa hiyo nazijibu hizo kwanza, wa mapazia na wa rangi za ukuta mnisamehe hadi toleo lijalo.

Shikamoo dada. Bibi alituachia kabati zima la vyombo, sahani za maua, bakuli za zamani, vingi vina nyufa na vikombe havina mikono. Mama anasema vitupwe, mimi nataka nivivunje nibandike juu ya meza ya barazani. Naanzia wapi? Mjukuu, Tanga

Marahaba mjukuu. Kwanza usivunje kitu! Geuza kila chombo uangalie kitako, pale ndio pana muhuri wa kiwanda. Bakuli nyingi za rangi zilizokuja pwani yetu zamani zilitoka Maastricht kule Uholanzi, ukikuta jina hilo na bakuli lenyewe bado zima liache kabatini, wapo wanaozitafuta hizo na wewe mwenyewe utakuja kujuta. Ukikuta "Made in England" basi mara nyingi hicho ni chombo cha karne ya 20, kabla ya 1891 viwanda vingi havikuwa na habari ya kuandika hata jina la nchi mpaka Marekani walipolazimisha kwenye sheria yao ya ushuru. Vyenye nyufa na mapengo, hivyo halali yako.

Sasa kuvunja. Wengi wanafunga sahani kwenye taulo wanapiga nyundo, sawa tu kama hujali kipande kinatokaje, ila kama unataka ua la katikati libaki zima nunua koleo ya kukatia vigae, ile yenye magurudumu mawili madogo ya chuma kigumu mdomoni. Usiing'atishe sahani mdomo mzima, shika ukingoni kidogo tu halafu bana, ufa utakwenda wenyewe ulikoelekeza koleo. Anza kwa kuondoa ukingo, kisha ile duara iliyoinuka chini ya kitako, hiyo ndio inasumbua watu. Vaa miwani ya kazi, sio ya jua jamani, vaa na barakoa, na ukisugua makali kwa jiwe la kunolea lilowanishe maji maana vumbi lake si zuri kwa mapafu na rangi za vyombo vya zamani nyingine zina risasi, ile metali yenye sumu. Watoto wakae mbali, na ukimaliza deki, usifagie.

Lakini kukata sio kazi, kazi ni unene. Sahani nyembamba ukiiweka pembeni ya bakuli nene, kikombe cha chai hakitatulia juu ya meza yako hata siku moja. Kwa hiyo kabla ya gundi panga vipande kwa mafungu ya unene, vilivyo vyembamba uviongezee gundi chini mpaka vilingane na wenzao, kila baada ya muda pitisha rula juu uone. Vipande vya kikombe vimepinda, hivyo kata vidogo vidogo kama kucha, la sivyo vitabaki vimebenuka. Plaiwudi ya meza ipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, iache ikauke, ndio ubandike kwa gundi ya tailizi ya unga wanayouza hadwea. Subiri siku nzima kabla ya kujaza grauti, ule uji wa simenti wa kuziba nafasi kati ya vipande.

Na hapo kwenye grauti angalia sana, vyombo vya zamani vinakuwa na mipasuko myembamba kama nywele kwenye ule ung'avu wa juu, ukijaza grauti nyeusi rangi inapenya humo na haitoki tena. Jaribu kwenye kipande kimoja kwanza. Mimi ningechukua ya kijivu na nisingehangaika.

Nilibandika vigae kwenye chungu cha maua kikapendeza sana, mvua moja tu vyote chini. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao. Tatizo ni gundi au mkono wangu? Msomaji, Morogoro

Gundi, ndugu yangu, mkono wako hauna kosa. Gundi nyeupe ya kawaida ikilowa inalainika tena. Ila hata ungetumia ya tailizi bado kuna kitu, chungu cha udongo kinakunywa maji kutoka ndani, ukimwagilia maua unyevu unapita ukutani unakuja kusukuma vigae kwa nyuma, kwa hiyo paka ndani dawa ya kuzuia maji au panda ua kwenye kopo la plastiki ulitumbukize humo, njia hii ya pili ni rahisi na haina gharama.

Kaka yangu ananicheka eti naiga Wazungu. Halafu nimeokota vigae vizuri vya buluu karibu na magofu Kunduchi, naweza kuvitumia? Binti wa Tegeta

Mwambie kaka aende hapo hapo Kunduchi akaone makaburi ya nguzo ya karne ya 18, wenyewe walipachika sahani na bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi yao, nyingi zimeng'olewa yamebaki matundu tu. Kilwa Kisiwani nako ule msikiti mdogo wa makuba una bakuli zimepachikwa kwenye dari. Wazungu nao wana yao, kuna Mfaransa mmoja Raymond Isidore, mfagiaji wa makaburi mjini Chartres, alianza mwaka 1938 kubandika vipande vya sahani alivyookota akafunika nyumba nzima, kuta, viti, hadi cherehani, alifariki 1964 na nyumba ipo mpaka leo watu wanalipa kuiona. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzie.

Ila hivyo vya buluu virudishe ulipovitoa mdogo wangu. Magofu yale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kigae kikishahama mahali pake watafiti hawawezi tena kukisoma. Nenda mnadani au kwa wauza vyombo vya mtumba, watakupa vilivyovunjika kwa bei ya soda.

Niko Toronto, nataka kuweka kipicha cha vigae bustanini. Kitastahimili baridi? Mama K

Inategemea chombo, Mama K. Weka tone la maji kwenye ukingo uliovunjika. Likinywewa hicho ni udongo, kitavuta maji, maji yataganda ndani na ung'avu utabanduka, kiache ndani ya nyumba. Tone likibaki limesimama ni kauri, hiyo angalau ina matumaini nje, mradi msingi uwe wa simenti sio mbao.

Nimetengeneza sinia la vigae, naweza kuandalia matunda? Asha

Ya maganda sawa, embe lililokatwa hapana, kwa sababu ya ile risasi na pia grauti inanyonya maji ya matunda haisafishiki vizuri. Mwambie fundi vioo akukatie kioo cha kulala juu yake, akisugue kingo, hapo andalia unachotaka.