Ukitaka kuzima moto wa Januari, njoo Novemba

Kila Januari napigiwa simu na vijana wa Masindi mjini, wengine hata kutoka Kigumba na Bweyale, wakisema wanataka kuja kusaidia kuzima moto. Nawaambia karibuni, ila mmechelewa. Kazi yenyewe tuliifanya Novemba, nyasi zikiwa bado mbichi na hakuna aliyekuja kupiga picha.

Nimejitolea pembeni mwa msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, kwa misimu saba sasa. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza.

Anza kwa kujua kinachowaka. Budongo ina kilomita za mraba zipatazo 825, na ukiingia ndani kabisa, chini ya mikangazi, udongo una unyevu hata wakati wa kiangazi. Kiberiti chako kitaisha kabla majani hayajashika. Kinachowaka ni ukingo: mabingobingo yaliyokauka, vichaka vya lantana, mashamba ya miwa, misonobari ya watu ambayo haikupogolewa. Moto ukila ukingo mwaka huu, mwakani pale palipokuwa na miti panaota nyasi, na moto unaofuata unaanzia hatua chache ndani zaidi. Msitu unaliwa kama panya anavyokula mkeka. Na usije ukasema huku kwetu mvua ni nyingi. Februari 2012 moto uliwaka sehemu za juu za Rwenzori, mlima tunaousifu kwa ukungu na matope yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni barabara za moto, yaani vipande vya ardhi vinavyosafishwa ili moto usivuke. Zetu zina upana wa hatua kumi na mbili. Unafyeka, kisha unashika jembe mpaka udongo mtupu uonekane, na hapo kwenye jembe ndipo wageni wanapokumbuka kwamba wana safari. Wengine wanafyeka vizuri sana halafu wanaacha nyasi palepale zikauke. Huko ni kuutandikia moto kitanda. Toa takataka zote, uzirundike mbali na miti. Kwenye misonobari, pogoa matawi ya chini, nayo usiyaache kwenye mashina, maana moto wa nyasi huyapanda kama ngazi.

Kuhusu miti ya kigeni, usiwe mwepesi wa panga. Kuna Senna spectabilis, ile ya maua ya njano, jamaa ya mjohoro. Mwaka wangu wa kwanza nilikata mingi nikajisifu. Baada ya mvua kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi kama vidole vya mkono. Midogo ing'oe na mizizi, mikubwa uibambue gome mpaka chini kabisa, kisha urudi kuiangalia. Kuna pia mforsadi wa karatasi, nao ni mgeni anayesambaa, lakini sokwe wa Budongo wanakula majani na matunda yake. Usiuguse mpaka kiongozi wa kikundi akuelekeze.

Sasa moto wenyewe. Saa nane mchana, upepo ukiwa umeamka, hakuna shujaa. Usisimame juu ya mteremko huku moto ukiwa chini yako, kwa sababu unapanda kilima kwa kasi kuliko miguu yako. Jua njia ya kutokea kabla hujavunja tawi bichi la kupigia. Nasi kuna siku tuliuzima vizuri, tukaondoka saa kumi na mbili jioni tukiimba. Kesho yake mchana gogo moja, ambalo tuliliona likifuka moshi kidogo na kulidharau, likawasha upya tulichookoa, na zaidi. Tangu hapo kuna watu wawili wanaobaki usiku na madumu ya maji. Mgongo wa kiganja unatosha kupima: usogeze karibu na gogo, ukihisi joto, bado.

Lakini moto mwingi hauanzi wenyewe. Mlina asali ameacha mwenge wake, mwindaji anataka wanyama watoke, mfugaji anataka majani mapya. Kuchoma nyasi bila kibali ni kosa kisheria Uganda, na kila mtu kijijini analijua hilo. Ukianza mazungumzo kwa sheria, utaitikiwa "ndiyo" tamu na usiku utaona mwanga. Anza kwa salamu, keti, kula posho (ugali wetu) ukikaribishwa. Hapa Kiswahili ni mali: kuna watu ambao wazazi wao walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, na Kongo kufuata kazi za mbao na miwa, na lugha inayowakutanisha ni hii.

Mzee mmoja mlina asali alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, nyuki mtawafukuza kwa hotuba?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Tukachanga, fundi wa bati akatengeneza mikebe ya kutolea moshi, inayofungika, isiyodondosha makaa. Upande wake wa msitu haujaungua misimu mitatu. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia simu kwanza akiona moshi, kabla hata ya mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji.

Ukiwa na mafua au kikohozi, baki nyumbani. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na kwao mafua yanaweza kuua. Ukikuta mtego wa waya, mwite kiongozi auone pale ulipo.

Vaa nguo za pamba. Jezi ya nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Gambuti kwa kufyeka, viatu vya ngozi siku ya moto. Maji lita tatu, si chupa moja ya soda. Na panga lako liandike jina kwenye mpini. Langu la kwanza bado nalitafuta.