Usinyooshe majina ya kwenye orodha ya Mjerumani!

Mdogo wangu, weka kalamu chini kwanza. Umeuliza, katika kutafuta ukoo wako, utumie daftari au kompyuta, na kama kozi ya kusoma miandiko ya zamani inafaa kulipiwa. Halafu katikati umesema unanakili orodha ya kodi ya enzi za Mjerumani huku "ukiyanyoosha majina yawe Kiswahili cha leo". Hapo ndipo nilipozama mimi.

Ushauri huo huo nilipewa na bwana mmoja aliyekuwa akifundisha watu kutafuta koo zao, kwa ada, hapa hapa Dar. Alituambia karani kakosea, wewe safisha. Nikimkumbuka damu inanichemka. Karani hakukosea! Aliandika kwa sikio la Kijerumani. J yao ni y yetu, ndiyo maana ramani zao zina Bagamojo. S yao mbele ya irabu ni z, kwa hiyo Usaramo ni Uzaramo. Sch ni sh, dsch ndiyo j. Kamati ya kusanifisha Kiswahili chenyewe imeundwa 1930; karani wa 1908 angefuata tahajia ipi?

Kwenye orodha yangu, babu yake babu aliandikwa "Jahaja". Nikaona silabi imezidi, nikaandika Jaha, na lile la mwanzo sikulihifadhi popote. Kule Maneromango, Kisarawe, nilikuwa nawajua watu wa ukoo wa Jaha, basi nikaungia hapo. Miaka miwili! Nauli, sukari, kanga za kuwapelekea bibi zangu, mti wa ukoo nikauchapisha Kariakoo kwenye karatasi ya ukutani. Siku ya kikao bibi mmoja alinisikiliza nikiusoma mpaka mwisho, akanishika mkono: "Mjukuu wangu, tumekupokea, lakini huyu si wetu."

Alikuwa Yahaya. Watu wake wako Mkuranga. Nilipofika huko, mzee aliyewajua wote kwa majina alikuwa ameshazikwa, miezi mitatu nyuma. Miaka ile miwili ningekuwa nimekaa naye barazani.

Nakili herufi kwa herufi. Safu ya kwanza ni Jahaja, hivyo hivyo, hata likikukera jicho. Herufi isiyosomeka iwekee alama ya kuuliza, usibuni. E ya mwandiko ule wa mkono wa Kijerumani inafanana mno na n. Unavyodhani jina linatamkwa, hiyo ni safu ya pili. Ya tatu namba ya faili na ukurasa, na usiiruke hata siku umechoka.

Sensa usizihangaikie sana: fomu zenye majina ni siri kisheria, kilichochapishwa ni hesabu za watu tu.

Umeshanyoosha majina mangapi mpaka sasa? Kama picha za kurasa bado zimo kwenye simu, rudi ukurasa wa kwanza usiku huu huu.