Muulize Fundi: Bushi za nyuma na gundi ya vioo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Mafinga, nina Corolla 110 niliyoachiwa na marehemu baba. Nikivuka tuta, nyuma panagonga "ko, ko". Lori likinipita kwa kasi njia ya Makambako, mkia wa gari unayumba kama tairi limeishiwa upepo. Nimebadilishiwa shokapu za nyuma mara mbili, hali ni ileile. Fundi wa tatu amenionyesha bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari, zimechanika. Kaka yangu ana jeki na spana, tunataka kuzibadilisha wenyewe nyumbani. Jirani anasema tusinunue mpya, tuzijaze gundi ya kubandikia vioo vya mbele ili zikaze. Mwingine anasema tuagize zile ngumu za poliyurethani, aina ya plastiki. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Kila tairi la nyuma la Corolla yako limeshikwa na mikono mitatu, ile mafundi tunayoiita amu. Miwili imelala kwenda ubavuni, inazuia tairi lisiingie ndani wala kutoka nje. Wa tatu umeelekea mbele, unazuia tairi lisirudi nyuma. Kila mkono una bushi mbili; upande mmoja 6, gari zima 12. Ndiyo maana shokapu hazikukusaidia. Shokapu inatuliza mruko na kulishika tairi wima, lakini kazi ya kulizuia lisiyumbe huku na huku ni ya mikono na bushi zake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha. Inua nyuma, weka stendi, vile vyuma vya kulitegemeza gari, ingiza mtaimbo kati ya mkono na mahali ulipofungwa, ubinye taratibu. Bushi iliyokufa hufunguka mpasuko kama mdomo. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi za nyuma: ukipeleka ndani panateleza, ukirudisha panakwaruza kama meno ya msumeno, basi tairi limekuwa likikokotwa kiubavu.

Jirani yako hajakosea kabisa. Gundi ile nayo ni poliyurethani, na wapo wanaoijaza kwenye bushi kubwa ambazo mpira wake umeachiwa matundu makusudi. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kama milimita 3 kwa siku, na kwa baridi ya Mafinga mwezi wa Juni huchelewa zaidi. Lakini bushi ndogo za mikono yako ya ubavuni zimejaa mpira, hakuna tundu la kujaza. Na bushi iliyochanika haiponi kwa gundi. Mle kwenye mpasuko kuna vumbi na mafuta, gundi itashika nini?

Zile ngumu zinaweza kuvumilika kwenye mikono ya ubavuni, kwa kuwa inapanda na kushuka tu. Kwenye ule mkono wa tatu ulioelekea mbele sikubali. Huo lazima ujipinde kidogo na uliache tairi lirudi nyuma kidogo linapoingia shimoni. Ukiukaza, kila kokoto la barabara za vumbi za Sao Hill utalisikia kwenye kiti, na vyuma vinavyoushika vinaweza kuanza kupasuka. Nunua bushi za mpira, zote 12. Ugumu unaoutafuta umo kwenye mpira mpya, umezoea uliochoka. Usidanganywe na mikono ya mtumba iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa. Gari lako ni toleo la miaka ya 1990, na mpira wa mikono ile huenda una umri huohuo.

Sasa kazi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, puliza mafuta ya kulegezea kutu kwenye nati zote. Bolti ndefu inayoshika mikono miwili ya ubavuni upande wa tairi ndiyo itakayowasumbua, kwa sababu hugandana na bomba la ndani la bushi. Ikigoma, ikateni kwa msumeno wa mkono, na muwe na bolti mpya tayari. Msitumie moto wala grainda: tangi la petroli liko pale pale, chini ya kiti cha nyuma. Na gari lisikae juu ya matofali ya kuchoma, hata kwa dakika moja. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kama hamna stendi, azimeni. Kazi hii haifanyiki chini ya gari linalotegemea jeki peke yake.

Pigeni alama ya rangi pale mkono unaporekebishwa urefu, kabla ya kulegeza. Mkono ukishatoka, hamhitaji presi, ile mashine ya kusukumia bushi. Vaisi (jiliwa) imara inatosha: upande mmoja wekeni soketi iliyo ndogo kidogo kuliko ganda la bushi, upande wa pili kipande cha bomba kinachoweza kuimeza bushi, kisha kazeni. Mpya iingie kwa njia hiyohiyo, kwa maji ya sabuni, na msukumo uwe kwenye ganda la nje. Mkisukuma bomba la katikati mtaichana kabla haijatembea hata kilomita moja.

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pote. Nilipokuwa najifunza kazi Iyunga, mzee mmoja wa Tukuyu alituletea Corolla. Nilimbadilishia bushi zote za nyuma, nikakaza nati gari likiwa juu ya stendi, tairi zinaning'inia. Baada ya miezi michache alirudi. Hakunigombeza. Aliniomba tu nichungulie: zimechanika, karibu zote upande uleule. Iliniuma sana, maana alikuwa amelipa fedha halali.

Mpira wa bushi umegandishwa kwenye ganda la nje na kwenye bomba la ndani, hauzunguki, unajipinda. Ukikaza tairi likining'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo pa kupumzikia. Ukishusha gari, mikono inapanda na mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo kabla ya kuinua, pimeni kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, mkaandike. Mkirudisha mikono, nati zishikeni kwa vidole tu. Kisha inueni upande wa tairi kwa jeki, stendi zikiwa bado mahali pake, mpaka kipimo kile kirudi. Hapo ndipo mkaze kwa nguvu. Kama gari huwa linabeba watu nyuma kila siku, pimeni wakiwa wamekaa.

Baada ya hapo peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi, na useme wazi wapime na tairi za nyuma. Wengi hupima za mbele wakakuruhusu.

SWALI: Fundi, mimi niko Tukuyu. Bushi za gari langu zinalia sana, hivyo kila baada ya wiki mbili nazipaka oili chafu. Kelele inakwisha halafu inarudi. Nipake nini?

JIBU: Acha kuanzia leo, ndugu yangu, na dizeli ya kuoshea chini pia acha. Oili huvimbisha mpira, ukalainika na kubanduka kwenye chuma chake. Osha kwa maji ya sabuni, acha pakauke, halafu anza na raba mbili zinazoshika fito la stabiliza, kile chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona, maana matope ya Rungwe hupenda kujificha humo na kulia kama mlango. Zifungue, zisafishe, paka grisi ya silikoni, ambayo haili mpira. Kelele ikibaki, chukua mtaimbo uzipime kama nilivyomweleza mwalimu.